Koleo Si la Mvulana

Kosa hutendeka kabla kisu hakijagusa ngozi. Waliofuatilia tohara za Agosti kutoka Kitale hadi Bungoma wanajua kwa nini vyumba vya upasuaji vyenye foleni hupenda mbinu ya koleo: govi huvutwa mbele, koleo hufungwa, kisu hupita juu ya chuma na govi likadondoka. Ni kazi ya haraka. Lakini kisu kinapopita, mtahiri hakioni kichwa cha uume. Vidole vyake ndivyo vilivyomwambia kwamba kimebaki nyuma ya koleo. Kwa mwanamume wa miaka 20, vidole hivyo hutosha. Mvulana wa miaka 10 kichwa chake ni kidogo, laini, na mara nyingi govi bado limegandamana nacho. Likivutwa, kichwa nacho huja. Kumfungia koleo huyo ni kubahatisha na mwili wa mtoto, ilhali ipo mbinu ya kupasua govi upande wa juu, ambayo hukifunua kichwa kwanza na kukiacha mbele ya macho mpaka mwisho. Inachukua muda zaidi kidogo. Basi na uchukuliwe.

Uamuzi wa kuwafungia wavulana koleo ulitokana na kuusoma vibaya ushahidi mzuri. Jaribio la tohara la Kisumu la mtafiti Robert Bailey na wenzake, lililochapishwa mwaka 2007, lilisajili wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24, likawatahiri karibu nusu yao kwa koleo, na matatizo yalikuwa asilimia 1.5 tu. Kazi safi. Wavulana hawakuwamo, lakini mbinu ikateremshwa hadi kwao, kwa sababu programu za tohara zilipimwa kwa idadi ya waliotahiriwa, ugonjwa ambao safu hii haitachoka kuulalamikia. Programu zilizofadhiliwa na Marekani zilipokuja kuipiga marufuku kwa walio chini ya miaka 15, wapo wavulana waliokuwa wamekwisha kukatwa vichwa vya uume.

Mtetezi wa koleo atasema kisu cha mtahiri wa jadi ni kibaya zaidi. Ni kweli. Utafiti wa Bailey huyohuyo uliofanyika Bungoma, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata matatizo kwa asilimia 35.2 ya waliotahiriwa kimila. Ila waliokwenda kwa wahudumu wa afya nao walipata matatizo kwa asilimia 17.7. Vipimo havikulingana kabisa na vya Kisumu, lakini pengo hilo halifichiki: koti jeupe pekee halimkingi mtoto. Mzazi anayempeleka mwanawe hospitali amekwisha kuuchagua usalama. Hawezi kulipwa kwa kulinganishwa na sikhebo, tohara ya kimila ya Wabukusu.

Pingamizi la pili ni kwamba siku hizi madaktari hurekebisha. Ngozi iliyopotea hurekebishwa vizuri kwa ngozi ya paja. Tundu lililotobolewa kwenye mrija wa mkojo ni jambo jingine: wengi huharakisha kulishona nyama ikiwa bado imevimba, nyuzi zinaachia, na tundu linarudi kubwa zaidi, ilhali lilihitaji kungojwa kama miezi sita na kufunikwa kwa tabaka la nyama yenye damu. Harold Gillies, daktari wa upasuaji aliyemjengea Michael Dillon uume nchini Uingereza miaka ya 1940, alikwenda hatua kwa hatua, akingoja kila kipande cha ngozi kipate damu yake. Subira hiyo ndiyo shule aliyosomea Archibald McIndoe, aliyeanzisha AMREF, shirika la madaktari wa ndege, pamoja na Michael Wood na Tom Rees mwaka 1957. Tumeirithi ndege yao, subira tumeiacha. Upandikizaji wa uume uliofanyika Tygerberg, Afrika Kusini, Desemba 2014, ulichukua saa tisa na kusifiwa duniani kote, na ulistahili. Lakini kijana aliyepandikizwa alikuwa amepoteza uume wake kwa tohara, na kiungo cha mtu mwingine humfunga mpokeaji kwa dawa za kuzuia mwili usikikatae.

Kwa hiyo, wahudumu wa Kitale na Bungoma, Agosti ijayo wekeni koleo kando kwa kila aliye chini ya miaka 15. Ajali ikitokea, kifungeni kipande kilichokatika katika shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kitieni kwenye mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ndio ukae juu ya barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Kisha mtoto na kipande waondoke pamoja kwenda hospitali ya rufaa ya Eldoret saa hiyohiyo. Nanyi wazazi, kabla ya kutia sahihi, ulizeni ni mbinu gani itakayotumika.