Kinaya na Nafasi ya Mtazamaji katika Filamu Fupi ya One Week (1920) ya Buster Keaton

5.1 Utangulizi

Vichekesho vya purukushani vya enzi ya filamu bubu, yaani vichekesho ambavyo kicheko chake hutokana na mwili unaoanguka, kugongwa au kukimbizwa na si maneno, vimezoeleka kuelezwa kama burudani nyepesi isiyodai tafakuri. Maelezo hayo yana sababu zake. Filamu hizo zilikuwa fupi, aghalabu za rili moja au mbili, na zilitengenezwa kwa haraka ili kujaza ratiba za majumba ya sinema. Hata hivyo, ufupi wa kazi si ushahidi wa wepesi wa maana yake.

Sehemu hii inahakiki One Week, filamu ya rili mbili iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1920 chini ya uongozaji wa Buster Keaton na Edward F. Cline. Swali linaloongoza uhakiki ni moja: katika filamu hii, nani hasa anachekwa? Mtafiti anahoji kuwa kicheko hakibaki kwa mjenzi anayeshindwa. Kinamhama hatua kwa hatua, na mwishoni kinamrudia mtazamaji mwenyewe.

5.2 Muktadha na muhtasari wa filamu

Keaton alizaliwa mwaka 1895 na alikulia jukwaani pamoja na wazazi wake, katika maonyesho ambamo mtoto alirushwa huku na huko ili hadhira icheke. Aliingia katika filamu mwaka 1917 akiwa na Roscoe Arbuckle. One Week ndiyo filamu fupi ya kwanza kuonyeshwa kwa umma baada ya yeye kuanza kusimamia kazi zake mwenyewe.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Bwana na bibi harusi, wanaoigizwa na Keaton na Sybil Seely, wanazawadiwa na mjomba kiwanja pamoja na nyumba iliyofungwa ndani ya masanduku yenye namba. Kazi yao ni kufuata maelekezo na kuunganisha vipande. Hank, mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi, anabadilisha namba za masanduku kwa siri. Nyumba inasimama ikiwa imepinda. Ijumaa tarehe 13, siku ya kuwakaribisha wageni, dhoruba inaizungusha kama pia. Baadaye wanandoa wanaelezwa kuwa wamejenga katika kiwanja kisicho chao. Wanaivuta nyumba ili waihamishe, inakwama juu ya reli, na treni inaisambaratisha.

Nyumba za aina hii hazikuwa ndoto ya mtunzi. Kampuni ya Sears, Roebuck ilianza kuziuza kwa katalogi mwaka 1908, vipande vikisafirishwa kwa reli hadi karibu na mnunuzi. Zilibeba ahadi kwamba mtu wa kawaida asiye fundi angeweza kujijengea makazi mradi tu ajue kusoma na kutii maelekezo. Ahadi hiyo ndiyo filamu inayoijaribu.

5.3 Mkabala wa kinadharia

Henri Bergson (1900) anaeleza kuwa kicheko huzuka pale tunapoona umashine umeuvaa uhai: mtu anapotenda kwa mazoea yaliyokakamaa mahali palipohitaji wepesi wa mwili na akili. Anaongeza kuwa kicheko huhitaji moyo unyamazishwe kwa muda, na kwamba jamii hukitumia kumrekebisha aliyekakamaa. Kwa mtazamo huu, anayecheka husimama juu ya anayechekwa.

Nadharia hii inaeleza vizuri sehemu ya kwanza ya One Week. Bwana harusi anaendelea kufuata namba hata pale macho yake yanapoona kuwa ukuta umepinda. Huo ni utiifu wa kimashine, na mtu angeweza kuishia hapo. Tatizo la kuishia hapo ni kwamba linaachwa kando jambo ambalo filamu imelionyesha waziwazi: tumemwona Hank akibadilisha namba. Kosa si la msomaji wa maelekezo, ni la maelekezo yaliyochezewa. Kwa sababu hiyo, uchambuzi unaofuata unaiweka nadharia ya Bergson sambamba na dhana ya kinaya, ambayo msingi wake ni tofauti kati ya anachojua mhusika na anachojua mtazamaji.

5.4 Uchambuzi

5.4.1 Mtazamaji anayejua

Katika nusu ya kwanza ya filamu, mtazamaji anajua asichokijua mjenzi. Ujuzi huo ndio unaozaa kicheko. Mlango wa ghorofani unaofungukia hewani ungekuwa ajali tu kama tusingejua namna ulivyofika hapo. Kwa kuwa tunajua, kila ukuta uliopinda ni jibu sahihi kwa swali lililovurugwa.

Aidha, ukitazamwa kwa makini, mwili wa mjenzi haukakamai. Koti lake likifunikwa na zulia alilolipigilia misumari, analikata zulia na kulitoa. Mpagazi wa piano, aliyeigizwa na Joe Roberts, anaubeba mzigo wake begani bila taabu, kisha anamwachia bwana harusi ambaye mara moja analala chini yake. Anapotaka kuiingiza piano hiyo ndani kwa kamba iliyofungwa darini, dari inashuka kama mpira. Katika matukio yote haya mwili hujipinda, hujaribu na huanza upya, wakati vitu na maandishi ndivyo vinavyokataa kubadilika. Kukakamaa anakokueleza Bergson kumehama kutoka kwa mtu hadi kwenye namba. Uso wa Keaton usiotabasamu unaimarisha jambo hili: hauombi huruma wala haukiri aibu, bali unaelekea kazi iliyo mbele yake.

5.4.2 Mtazamaji anayeonwa

Katikati ya filamu lipo tukio fupi ambalo ni rahisi kulipita kama utani wa pembeni. Bibi harusi yuko bafuni, ndani ya beseni la kuogea. Sabuni inamponyoka na kuanguka sakafuni. Ili aiokote itambidi ainuke, naye anatazama upande wa kamera. Mkono unaiziba lenzi. Unapoondolewa, sabuni iko mikononi mwake na uso wake una tabasamu.

Tukio hili ni bawaba ya filamu nzima. Hadi hapo mtazamaji alitazama bila kutazamwa, akiwa na siri ya namba kana kwamba amekaa mahali pa salama. Mkono ule unamwambia kuwa uwepo wake unajulikana na kwamba kuna mwenye uwezo wa kuamua aone nini na asione nini. Ujuzi aliojivunia ulikuwa ni wa kupewa, na aliyempa anaweza kumnyima.

5.4.3 Mtazamaji anayeghafilishwa

Uwezo huo wa kunyima ndio unaotumika katika tukio la mwisho. Nyumba imekwama relini na treni inakuja. Wanandoa wanasukuma, wanashindwa, wanakimbia na kujiziba macho. Treni inapita kwenye reli ya pembeni bila kuigusa nyumba. Wanashusha pumzi, nasi tunashusha pamoja nao. Papo hapo treni nyingine inatokea upande wa pili na kuivunja nyumba vipande vipande.

Umuhimu wa tukio hili hautokani na ukubwa wa uharibifu pekee. Kwa mara ya kwanza mtazamaji hajui zaidi ya wahusika. Hapakuwa na Hank wa kutuonyesha hila ikitayarishwa. Picha ilipangwa ili jicho letu lielekee kwenye reli moja na kuisahau nyingine. Tulimcheka mtu aliyeamini namba zilizoandikwa kwenye masanduku, kumbe nasi tuliamini picha tuliyowekewa mbele yetu. Waswahili husema hujafa hujaumbika, na kwa kawaida methali hiyo huelekezwa kwa anayecheka. Filamu hii inaitekeleza kwa mpangilio wa picha bila kumhubiria mtu.

Mtahini anaweza kupinga kuwa mshtuko wa treni ya pili ni mbinu ya kawaida ya kumstusha mtazamaji, isiyohitaji fasiri kubwa kiasi hiki. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama filamu ingeishia kwenye kishindo. Haikuishia hapo. Bwana harusi anautazama mrundo wa mbao, anaweka tangazo la kuuza, kisha anakiambatisha kijitabu cha maelekezo. Ndipo anaondoka na mkewe. Kitendo hicho kinaunganisha mwisho na mwanzo: kilichorudishwa sokoni ni ile ahadi yenyewe, pamoja na maneno yaliyoibeba. Atakayenunua ataanza pale walipoanza wao.

5.5 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa One Week inampitisha mtazamaji katika nafasi tatu: anayejua, anayeonwa na anayeghafilishwa. Nadharia ya Bergson inaeleza nafasi ya kwanza, tena kwa sehemu tu, kwa kuwa inamchukulia anayecheka kuwa yuko nje ya tukio na juu ya anayechekwa. Nafasi mbili zilizobaki zinaonyesha kuwa vichekesho vya purukushani vinaweza kumwondoa mtazamaji katika kiti hicho cha juu na kumweka kando ya wanaoanguka.

Matokeo haya yana uzito kwa sura zinazofuata. Iwapo kicheko kinaweza kumbadilisha anayecheka ndani ya rili mbili bila kutamkwa neno, basi mhakiki hawezi kutosheka na kuorodhesha nani ameanguka na ameangukaje. Atalazimika pia kuuliza, katika kila kituko, mtazamaji amewekwa wapi, amepewa kujua nini, na ni lini ujuzi huo umechukuliwa kutoka kwake. Wanandoa, kwa upande wao, wanaondoka bila nyumba lakini wakiwa pamoja. Filamu haiwachukulii kuwa wameshindwa, na baada ya uchambuzi huu mtafiti haoni sababu ya mhakiki kuwachukulia hivyo.