Heko kwa Wasomaji wa Sheria za Kazi

Marekani, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kimeganda kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Majimbo hayakusubiri. Colorado, 2021, ilianza kudai tangazo la kazi litaje malipo. California, Januari 2024, ikapandisha likizo ya ugonjwa yenye malipo kutoka siku 3 hadi 5. Mwoka mikate mwenye vibarua sita atayajuaje haya, na alfajiri yuko tanurini?

Heko, basi, kwa washauri wa sheria za kazi, wanaochambua vifungu Desemba ili Januari mosi bango la ukutani na hesabu za mishahara viwe sawa. Kazi kavu, nakiri. Anayeugua Februari akalipwa bila kubishana hata hawajui washauri hao.