Ile Nane ya Bwana Mrefu

Bwana Mfupi akipimwa kwa njiti za kiberiti, urefu wake ni njiti nne. Akipimwa kwa vibanio vya karatasi, ni vibanio sita. Rafiki yake, Bwana Mrefu, ana njiti sita. Je, ana vibanio vingapi? Ni tisa, lakini watoto wengi wa miaka 12 au 13 huandika nane. Swali hili lilianzia Marekani kwa Robert Karplus, na miaka ya 1970 likatumiwa London, katika utafiti wa Chelsea College ulioongozwa na Kathleen Hart. Walipimwa maelfu ya wanafunzi wa sekondari, na matokeo yakatoka kitabuni mwaka 1981. Kitabu hicho kilionyesha kwamba makosa ya hisabati hayatawanyiki ovyo kama mtama uliomwagika. Hurudi yale yale, shule hii na ile, kwa watoto wasiojuana. Nane ya Bwana Mrefu ina hoja nyuma yake: njiti zimetoka nne zikafika sita, zimeongezeka mbili, basi vibanio navyo viongezeke viwili. Mtoto huyo hakubahatisha. Amefikiri, ila amejumlisha palipotaka kuzidisha.

Ufundi ninaousifu ni wa yule anayejua nane hiyo ilikotoka kabla hajashika kalamu nyekundu, na akishajua, hukaa na mwalimu mwenzake mpaka naye aione. Wengi huzitenga kazi hizi mbili: huku kumwinua mtoto aliyeachwa nyuma, kule kumnoa mwalimu wake. Kwangu ni kazi moja. Mtazame fundi akiwa na nane mbele yake. Hasemi "zidisha kwa moja na nusu", maana mtoto atazidisha leo na kesho atajumlisha tena. Anauliza, "Umeipataje?" kisha ananyamaza. Akishaambiwa kwamba kila mara huongezwa mbili, anamwachia mtoto aitembeze kanuni yake kurudi nyuma. Mtu wa njiti tatu je? Vibanio vitano. Wa njiti mbili? Vinne. Wa njiti moja? Vitatu. Na asiye na njiti hata moja? Viwili. Amepatikana mtu asiye na urefu wowote lakini anapimika vibanio viwili, na kanuni imejiangusha yenyewe. (Sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada hapa: sita inaizidi nne kwa mbili, na kuzidisha ni jambo jingine kabisa, ingawa maneno yote mawili yametoka shina moja.) Kile kimya cha katikati ndicho kigumu kuliko maswali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha mwaka 1974 kwamba mwalimu akishauliza husubiri kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Baadaye Paul Black, Dylan Wiliam na wenzao wa King's College London walifanya kazi na walimu kurefusha muda huo. Mtu hasikii haraka yake mwenyewe, na hapo ndipo anapomhitaji mwenzake aliyekaa nyuma ya darasa akihesabu sekunde.

Kwamba uelewa wa mtoto hauji wenyewe, tuna ushahidi. Mwaka 2008 na 2009 watafiti wa King's, chuo kilichoungana na Chelsea mwaka 1985, walirudi na maswali yale yale ya miaka ya 1970. Katika miaka thelathini iliyopita kati, alama za mitihani ya taifa zilikuwa zimepanda sana, ilhali uelewa wa uwiano na aljebra ulikuwa karibu palepale. Tena shule za Uingereza hupenda kuwapanga watoto wa hisabati kwa makundi ya uwezo, na utafiti wa Taasisi ya Elimu ya UCL umeonyesha kwamba makundi ya chini huelekea kupata walimu wasiobobea katika somo. Basi penye makosa mazito zaidi kuwekwe mwalimu dhaifu zaidi wa kuyasoma? Kumnoa mwalimu huyo ni kumpa mtoto haki yake.

Atakayepinga atasema darasa lina watoto thelathini na kipindi ni saa moja. Nani atasoma makosa thelathini? Lakini hayafiki thelathini. Yakipangwa kwa aina, daftari zote hizo hutoa matatu au manne, na kuyapanga ndio ufundi wenyewe. Wengine, na wazazi wetu wengi wamo, watasema dawa ni mazoezi: mtoto akariri tebo. Hapo nakubali nusu. Asiyejua sita mara saba hana nyenzo ya kufikiria uwiano. Hata hivyo mazoezi hukomaza kilichopo, na mwenye kujumlisha atamaliza maswali hamsini kwa kujumlisha, akitoka na uhakika zaidi katika kosa lake. Pingamizi zito ni la tatu. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walikusanya tafiti 60 za kuwanoa walimu kazini. Waliona ufundishaji na matokeo ya wanafunzi yakipanda, ila faida ilipungua programu zilipopanuliwa kwa walimu wengi. Wapo wanaosema basi kunoa huko hakufai kitu. Mimi naona ndivyo ufundi wa mkono ulivyo: haupigwi fotokopi. Ni ghali, ni wa polepole, na ukimpa mtu asiyeujua anageuka mkaguzi mwenye fomu. Hata Ofsted, wakaguzi wenyewe wa shule, waliacha mwaka 2014 kutoa alama kwa kipindi kimoja kimoja cha mwalimu.

Gharama ya kutoifanya kazi hii hulipwa na mtoto. Asiyefikia daraja la 4 katika mtihani wa taifa wa GCSE hulazimika kuendelea na hisabati baada ya miaka 16, aghlabu akirudia mtihani ule ule, na nane yake bado iko mfukoni. Mzazi wa Barking au Woolwich mjini London, daftari likirudi leo jioni lina wino mwekundu, usimwambie mwanao arudie. Muulize ameipataje, unyamaze mpaka ajibu. Na siku ya kukutana na walimu, ukishauliza mtoto amepata ngapi, uliza pia huyo mwalimu wake ana nani wa kukaa naye nyuma ya darasa.