Mguu, Hatua na Mwaka-nuru: Maoni juu ya Istilahi za Urefu na Umbali

Aghalabu mfasiri akutanapo na jina la kipimo huiona kazi kuwa nyepesi: mita ni mita, kilomita ni kilomita, mradi tahajia ifuate matamshi yetu. Rai hiyo haifai kupanuliwa mno. Jina la kipimo limebeba hesabu ndani yake, na kosa la neno hugeuka kuwa kosa la kiasi.

Tuchukue neno mguu. Huku Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo, si ajabu kusikia kiwanja kikinadiwa kuwa ni "miguu ishirini kwa ishirini". Muuzaji amepima kwa kukanyaga. Mguu wake ni hatua. Tukiikadiria hatua kuwa sentimita 75, kiwanja hicho ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225. Mnunuzi aliyeuchukulia mguu kuwa ni mita alitarajia mita za mraba 400. Na karani atakayeitafsiri hati hiyo kwa Kiingereza, akauandika mguu kuwa ni futi kwa kuwa kamusi humwonyesha neno moja kwa yote mawili, atakuwa amekipunguza kiwanja hata kikabaki mita za mraba 37 hivi. Hapo hapajengwi nyumba yenye ua!

Sisemi kwamba vipimo vya mwili ni vya kudharauliwa. Shibiri, dhiraa na pima vilitumika pwani hii kwa karne nyingi, na kila mtu alijua kwamba mkono wa huyu si mkono wa yule. Ila huanza vinapoingizwa katika hati kana kwamba vimekazwa. Kwa hiyo yafaa hati zetu ziandike hatua kwa kile kinachokanyagwa, futi kwa sentimita 30.48, na mguu uachiwe mwenyewe.

Kuhusu mikromita nitasema machache. Neno hilo ni kipimo, sehemu moja ya milioni ya mita. Nalo pia ni kifaa cha karakana. Wako wanaotaka kuvitenganisha kwa kusema mikromita na maikromita, yaani usahihi wote wautegemeze kwenye irabu moja. Kifaa na kiitwe geji ya parafujo, yaishe.

Linalonishughulisha zaidi ni mwaka-nuru. Istilahi hii inataja umbali wa kilomita trilioni 9.46 hivi, lakini kichwa chake ni mwaka. Mwanafunzi anayesoma kwamba Proxima Centauri iko "miaka-nuru 4.2" kutoka kwetu ana haki ya kudhani ameambiwa umri au muda. Mwalimu naye hulazimika kutumia nusu ya kipindi kulikana neno lililomo kitabuni.

Na dawa tulikuwa nayo. Mswahili amezoea kupima umbali kwa muda wa safari: kijiji fulani kiko mwendo wa siku tatu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilizihesabu safari zake kwa namna hiyo hiyo, wala hakuna aliyedhani kwamba mwendo wa siku ni siku. Basi kwa nini tusiseme mwendo wa nuru wa mwaka mmoja? Hata wanasayansi hawako mbali na hapo: tangu mwaka 1983 mita yenyewe ni mwendo wa nuru, penye ombwe, katika sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde.

Nimeambiwa kwamba mwendo utachanganywa na kasi. Sioni hivyo, mwendokasi lipo na limekwisha kukaa. Hoja ya pili, kwamba jina ni refu, ina uzito zaidi. Kwa majedwali na vitabu vya juu mwaka-nuru libaki. Katika vitabu vya shule za msingi, ambako neno ndilo linaloanza kufundisha kabla ya mwalimu, napendekeza liandikwe kwa urefu wake: miendo ya nuru ya miaka minne, na zaidi kidogo.