Ustadi wa Kumlisha Mgonjwa

"Bibi, meza mate kidogo." Muuguzi aliyefunzwa kazi hii hana haraka. Vidole vyake vimetua kwa wepesi kwenye koo la mgonjwa wa kiharusi, vikisubiri kongomeo lipande. Likipanda upesi na kushuka, ana pa kuanzia. Likisitasita, kijiko anakiweka chini, kwani uji unaweza kuingia njia ya hewa kabla kidakatonge hakijaifunika. Kisha humwomba aseme "aaa" na kutega sikio: sauti iliyolowa maji yaonyesha kuna kilichobaki kooni. Wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata mara moja, na siku chache baadaye wakashikwa na nimonia.

Karibu nusu ya wanaopatwa na kiharusi hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kusomesha wataalamu wa matamshi na kumeza mwaka 2008, lakini katika Afrika Mashariki nzima wataalamu hao bado ni wachache. Wodini, mzigo humwangukia muuguzi, na ndiyo maana nayastahi mafunzo ya kumlisha mgonjwa.

Wanafunzi hulishana wao kwa wao. Anayelishwa huegemezwa nyuma, akapewa vijiko harakaharaka. Hapo koo lake mwenyewe humfundisha kwa nini mgonjwa aketi wima, na kwa nini kijiko cha pili kingoje cha kwanza kipite. Uzito wa uji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10: hujazwa uji, ukaachwa utiririke kwa sekunde 10, kisha husomwa kilichobaki. Mashine haihitajiki.

Macho ya wanafunzi hujifunza pia kukisoma chakula cha kwetu Zanzibar. Boko boko lililopondwa likalainika hushikamana na kushuka pamoja. Urojo ni mtihani: mchuzi hutangulia kooni wakati bajia na chipsi za muhogo bado zinatafunwa.

Lakini katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kama katika hospitali zetu nyingine, mara nyingi kijiko hushikwa na binti au mke. Muuguzi bingwa humkalisha binti huyo kando ya kitanda, akamwachia kijiko, akamsahihisha kwa upole mpaka mkono wake utulie. Ustadi huu ufike kila zamu, hadi hospitali za Makunduchi na Kivunge, kwa sababu mgonjwa akisharuhusiwa, anayemlinda kila mlo ni yule aliyefundishwa pale kitandani.