Lugha Bila Fasihi? Oganda na Mtaala Mpya wa Kiingereza

Uhusiano baina ya lugha na fasihi katika ufundishaji wa Kiingereza nchini Kenya haujatulia. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, taaluma hizi mbili ziliunganishwa kuwa somo moja. Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, umezitenganisha: Kiingereza ni cha lazima, ilhali Fasihi kwa Kiingereza ni somo la hiari katika mkondo wa Sayansi za Jamii.

Wanaounga mkono utengano huu wana hoja. Katika mtihani wa KCSE, vitabu teule hutahiniwa ndani ya karatasi ya pili na ya tatu za Kiingereza, na mara nyingi riwaya imegeuzwa ghala la dondoo za kukaririwa. Je, dawa ni kumruhusu mwanafunzi aiache fasihi?

Tuchukue "The Rain Came", hadithi fupi ya Grace Ogot, mwenyeji wa Asembo, iliyomo katika diwani yake Land Without Thunder (1968). Chifu Labong'o ameagizwa kumtoa bintiye, Oganda, kafara kwa zimwi la ziwa ili mvua inyeshe. Oganda anapong'amua kwamba jamaa zake wanamjadili, anakisia kuwa ni posa. Anaanza kuwapima wachumba moyoni. Kosa lake halitokani na upungufu wa msamiati. Lugha ya kumtoa binti kwa mume na ya kumtoa kwa ziwa hukaribiana mno, na kijiji kinamshangilia kama bibi arusi. Mwalimu wa lugha pekee atafafanua maneno. Mwalimu wa fasihi pekee ataita kinaya. Msomaji anahitaji yote mawili ndipo atambue jinsi jamii inavyoweza kuupamba ukatili kwa maneno ya furaha.

Luanda Kotieno, zinakopakia feri za kwenda Mbita, haiko mbali na Asembo ya Ogot. Mwanafunzi wa huko akichagua mkondo wa sayansi, au shule yake ikikosa mwalimu wa somo la hiari, asome wapi hadithi ya ziwa lake?

Hatulipingi somo la hiari. Huenda likairudishia fasihi hadhi yake. Tunachodai ni kwamba Kiingereza cha lazima kisibaki na vifungu vya ufahamu pekee. Kila mwanafunzi asome na atahiniwe angalau kazi moja kamili, tangu mwanzo hadi mwisho. Lugha isiyompa uwezo wa kusikia alichokosa kukisikia Oganda ni lugha nusu.