Kanzu Kabla ya Mwana: Matarajio ya Mashabiki, Mapato ya Filamu ya Katuni na Hadhira ya Muhuru Bay

Wahenga walionya kwamba kanzu haikatwi kabla mwana hajazaliwa. Katika biashara ya filamu za katuni za Marekani onyo hilo limepinduliwa. Kanzu hukatwa kwanza, hushonwa, hutiwa picha ya mwana na kutundikwa dukani, ndipo mwana azaliwe. Filamu ya Mufasa: The Lion King, iliyoongozwa na Barry Jenkins na kutolewa Desemba 2024, ni mfano ulio karibu mno na msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa imejaa maneno ya lugha yake. Katika miezi iliyotangulia kutolewa kwake, sehemu kubwa ya mazungumzo ya mashabiki haikuhusu kisa. Waliulizana itaingiza dola ngapi katika juma la kwanza, kama itaikaribia ile ya 2019 iliyovuka dola bilioni 1.6, na ni vikaragosi gani vitakavyotolewa kuandamana nayo. Uhakiki wa Kiswahili umeyaacha mazungumzo ya namna hii kwa wachumi. Makala haya yanashikilia kwamba matarajio hayo ni sehemu ya matini yenyewe, na kwamba sura yake huonekana vizuri zaidi yakitazamwa kutoka mahali ambapo hesabu ya mapato haifiki.

Kwanza itazamwe hesabu yenyewe. Filamu ya Mufasa ilipofunguliwa nchini Marekani iliingiza takriban dola milioni 35 katika siku tatu za mwanzo, chini ya ilivyotabiriwa, na ikapitwa na Sonic the Hedgehog 3 iliyopata takriban milioni 60. Hukumu ikatolewa papo hapo kwamba imeanguka. Majuma yakapita, watazamaji wakaendelea kuingia, na hatimaye mapato ya dunia nzima yakavuka dola milioni 700. Waliokuwa wameizika wakaanza kuifukua. Katika hukumu hizo mbili, ya mazishi na ya ufufuo, hakuna mhusika aliyetajwa wala tukio lililopimwa. Shabiki alizungumza kama mwenye hisa, ilhali hisa hana; alifurahia kuzaa kwa ng'ombe ambao maziwa yao hatayanywa. Hii ni namna mpya ya hadhira, na ingefaa ipewe nafasi katika nadharia ya upokezi kabla ya kubezwa.

Muhuru Bay, katika Kaunti ya Migori, ni makazi ya wavuvi kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Omena huanikwa juu ya nyavu mchangani. Mbuta hupimwa na kupakiwa kuelekea viwanda vya minofu. Minofu husafirishwa ng'ambo, na mifupa yenye nyama iliyosazwa huuzwa katika masoko ya Nyanza kwa jina la mgongo wazi. Lugha ya nyumbani ni Kijaluo, ambacho kwa kiasi kikubwa kimekwisha kuifunika lugha ya Kisuba. Kiswahili ni lugha ya shule, ya mnada wa samaki, na ya wageni wanaovuka kutoka Shirati na Musoma. Si mji wa majumba ya sinema. Filamu hufika kwa televisheni, kwa diski, kwa simu, na kwa kibanda cha video ambako wavuvi hungojea usiku wa kuingia majini. Fedha inayolipwa mlangoni mwa kibanda haimo katika jedwali lolote la Hollywood. Kwa lugha ya mapato, basi, hadhira hii haipo.

Lakini ipo, na ina mazoea yake ya kutarajia. Katika utambaji wa sigana za Wajaluo, kama katika ngano za Waswahili zinazofunguliwa kwa paukwa na kuitikiwa pakawa, matarajio huandaliwa kwa kitangulizi kinachodai jibu. Fanani hawezi kuendelea mpaka hadhira iitikie. Tena mara nyingi wasikilizaji wanakijua kisa hadi mwisho wake, hadi lile fungu la kufungia, thu tinda, ambalo Asenath Bole Odaga alilifanya jina la mkusanyo wake wa hadithi. Wanachotarajia ni namna: safari hii fisi atalia vipi, wimbo utapandishwa wapi. Tangazo la filamu nalo ni kitangulizi. Hufungua pazia kidogo na kuacha kiu. Tofauti ni kwamba jibu linalodaiwa si neno. Ni malipo, na shabiki anayetabiri mapato huwa anawaitikia wenzake kwa niaba ya muuzaji. Isidhaniwe kuwa fanani wa zamani alitamba bure. Alipewa pombe, samaki na heshima. Hata hivyo, ujira wake haukuwa ndio mada ya mazungumzo kesho yake asubuhi.

Hadhira ya Kiswahili inaleta katika filamu hii matarajio ya aina nyingine, ambayo huenda watengenezaji hawakuyapanga, nayo yanatokana na majina. Tangu filamu ya kwanza ya 1994, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, wahusika waliitwa kwa Kiswahili huku wakizungumza Kiingereza. Kwa Mmarekani majina hayo ni sauti tu, mapambo ya ugenini. Kwa msikilizaji wa Muhuru Bay ni majazi. Simba anaitwa Simba, kama ambavyo ngano zetu huwaita Sungura na Fisi kwa majina ya jamii zao, na kwa hiyo anaacha kuwa mwanamfalme wa pekee na kurudi kuwa mhusika bapa wa ngano, ambaye tabia yake inajulikana kabla hajanguruma. Rafiki hawezi kusaliti. Pumbaa, atake asitake, amekwisha kupumbaa. (Mufasa lenyewe si neno la Kiswahili, jambo linalomwacha baba peke yake akiwa na siri.)

Jina zito zaidi katika filamu ya 1994 ni Shenzi, fisi jike anayeongoza kundi linaloishi gizani nje ya himaya. Neno hili lina historia. Watu wa pwani walilitumia kuwadharau watu wa bara, na walowezi wakalipokea kwao na kulitumia kwa Waafrika wote. Wahakiki wa Marekani walishughulika na lafudhi za fisi hao, wakaona ndani yake dharau kwa watu weusi na Walatino wa mitaa ya mijini. Hoja hiyo ina uzito, lakini mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kwenda hadi kwenye lafudhi. Jina linatosha. Mtazamaji wa Nyanza, ambaye mababu zake ndio walioitwa washenzi, anaonyeshwa washenzi wakitimuliwa ili nchi ipate kustawi, na anatarajiwa kushangilia.

Filamu ya 2024 inaongeza majina matatu yanayostahili kusomwa pamoja. Ndugu wa kulea wa Mufasa, yule atakayekuja kuitwa Scar, hapa ni Taka. Jike anayempenda ni Sarabi, ambaye amekuwamo tangu 1994 kama mama yake Simba. Nchi wanayoitafuta wote ni Milele. Taka kwa Kiswahili ni uchafu, na ni mzizi wa kutaka. Sarabi, neno la washairi na la kamusi zaidi kuliko la sokoni, ni mazigazi, yale maji yanayometameta mbali juani na kutoweka mtu akiyakaribia. Kisa kizima cha usaliti kimo katika majina hayo mawili: Taka anamtaka Sarabi, hampati, na kwa kumkosa anageuka kuwa taka. Wala hakuna haja ya kuuliza kama Jenkins na mwandishi wake walilikusudia hilo. Matini hubeba kilichomo katika lugha yake hata mwandishi asipokisoma. Milele nayo humjia mtu wa Muhuru Bay kupitia kanisani, katika uzima wa milele, naye akilisikia neno hilo anajua mara moja kwamba wasafiri hawa wanatafuta zaidi ya malisho. Kwa hiyo, wakati shabiki wa mbali akingojea kuona filamu itaingiza kiasi gani, msikilizaji wa Kiswahili amekwisha kudokezewa mwisho. Amewekwa tena katika hali ya hadhira ya sigana: anakijua kisa, anasubiri namna. Ni ajabu kwamba hadhira iliyopewa nafasi nzuri hivi ndiyo isiyohesabiwa.

Bidhaa ndizo zinazovuka mpaka ambao tiketi haivuki. Fulana na mkoba wa shule wenye picha ya mwanasimba, halali au wa kuigiza, huweza kufika katika soko la ufuoni mapema kuliko filamu. Mtoto anamjua mhusika kama chombo cha kubebea daftari kabla hajamjua kama mwana aliyefiwa na baba. Hapa mpangilio wa kawaida wa sanaa na ukumbusho wake umegeuzwa, kwa kuwa ukumbusho umetangulia tukio.

Mjadala wa bidhaa hauwezi kukwepa hakuna matata. Kampuni ya Disney iliomba maneno hayo yawe alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi mwaka 1994, na usajili ukakamilika Marekani mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kupinga usajili huo, likapata saini zaidi ya 100,000. Hasira ilikuwa ya haki, lakini baadhi ya hoja zilipotoka. Alama ya biashara haimkatazi mvuvi kusema maneno hayo wala mwanamuziki kuyaimba. Kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilikwisha kuyaimba katika “Jambo Bwana” mwaka 1982, na watalii wakayabeba kwao. Tena si maneno ambayo Mtanzania wa ng'ambo ya mpaka angeyachagua; yeye angesema hamna shida.

Wala haifai kudai kwamba kuuza maneno ya Kiswahili juu ya nguo ni dhambi iliyoletwa na wageni. Leso imefanya hivyo kwa zaidi ya karne moja. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa alichapisha leso zenye misemo na kutia alama yake, Mali ya Abdulla, ambayo wanunuzi walikuja kuitambua kama dhamana ya ubora. Hii nayo ni alama ya biashara. Ila Abdulla alidai kitambaa. Msemo ulioandikwa juu yake ulibaki wa yeyote: mwanamke aliununua ili kumpigia jirani kijembe, na jirani akajibu kwa leso nyingine, labda kutoka duka jingine. Maneno yaliendelea kufanya kazi ya maneno. Juu ya fulana ya filamu, hakuna matata haimjibu mtu yeyote. Imekuwa muhuri wa duka.

Mfano mchungu zaidi hautoki Afrika ya Mashariki. Solomon Linda alirekodi “Mbube” huko Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo huo, ukiwa umevaa maneno ya Kiingereza, uliingizwa katika filamu ya 1994. Binti zake walifungua kesi mwaka 2004, na suluhu ikapatikana 2006. Shabiki anayejumlisha mapato ya The Lion King anajumlisha na hayo, bila kuyaona.

Pamoja na hayo, hadhira isiyohesabiwa si hadhira iliyokaa kimya. Katika vibanda vya Kenya filamu nyingi, hasa za mapigano, husikika kupitia sauti ya mfasiri kama DJ Afro, na nchini Tanzania Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijenga sanaa hiyo hiyo kwa kanda zilizosambaa sana. Mfasiri wa kibanda hafasiri neno kwa neno. Humpa mhusika jina la mtaani, hutabiri atakachofanya, humkemea, hutia mzaha juu ya bei ya unga katikati ya mauaji. Kwa kifupi, humrudishia fanani kiti chake mbele ya picha iliyotengenezwa ili isimhitaji fanani. Mbele ya mtu wa namna hiyo, Taka na Sarabi hawawezi kubaki sauti tu. Ni mchezo wa maneno uliowekwa mezani tayari.

Kaskazini kidogo ya Muhuru Bay, huko Nyandiwa katika Gwassi, Kaunti ya Homa Bay, husimuliwa kisa cha Nyamgondho wa Ombare, mvuvi fukara aliyemvua kikongwe ziwani, akamchukua nyumbani, na tangu hapo mifugo yake ikazaana bila kipimo. Alipomtukana akiwa amelewa, kikongwe alirudi majini, na ng'ombe, mbuzi na kuku wote wakamfuata. Wenyeji huonyesha nyayo za mifugo hiyo katika mwamba. Ni kisa chenye kila kitu ambacho filamu ya katuni hutafuta, na si ajabu kikatengenezwa siku moja. Ikiwa hivyo, swali la mashabiki kuhusu mapato ya juma la kwanza litakuwa limejibiwa na kisa chenyewe, maana hakuna utajiri uliohesabiwa kwa furaha kubwa zaidi kuliko wa Nyamgondho.

Kwa sasa lililo karibu zaidi ni kazi ya kukusanya. Tangu pendekezo la 1968 la Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi wa fasihi wamekuwa wakitumwa vijijini na vinasa sauti kurekodi sigana za wazee. Kibanda cha video kilicho kando ya nyumba ya mzee huyo huyo hupitwa. Masimulizi yanayofanywa humo usiku, pamoja na vicheko na majibu ya wavuvi, hupotea jenereta inapozimwa.